Mume Asiyepiga Kelele: Juu ya Kumwigiza Mume Mtawala, na Somo Tulilopewa Usoke

Katika uhakiki wa tamthiliya tumezoea kuanza na dhamira, tukaja kwa wahusika, tukamalizia na matumizi ya lugha. Mwigizaji tunamsahau. Tunaandika kwamba mhusika fulani "ni katili na anawakilisha mfumo dume", tunapata alama zetu, basi. Lakini yule anayetakiwa kusimama jukwaani saa kumi jioni mbele ya watu na kuwa huyo katili, atashika nini mkononi? Atakaa wapi? Atasema kwa sauti gani? Maswali haya si ya watu wa Sanaa za Maonyesho peke yao. Ni maswali ya uhakiki, kwa sababu tamthiliya huandikwa ili ichezwe, na dhamira nzuri inaweza kufia mikononi mwa mchezaji.

Makala haya yanajaribu kuyajibu kwa mhusika mmoja tu: mume anayemtawala mkewe. Hoja yangu ni kwamba mume wa namna hii haigizwi kwa ukali. Anayemwigiza kwa ukali humgeuza kichekesho, na kichekesho hicho humwachia huru mume halisi aliyekaa pale kwenye benchi akicheka pamoja na wenzake. Nguvu yake inaonekana katika vitu anavyovishika, katika hisani zake, na zaidi ya yote katika mwili wa mke anayemsikiliza. Haya sikuyapata vitabuni. Niliyakosea mwenyewe, tena hadharani.

Kosa langu

Usoke ni mji mdogo katika wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilizipita nchi hizi za Unyamwezi kwa miguu, na Urambo yenyewe ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Siku hizi watu wa huko ni wakulima wa tumbaku, mahindi na karanga, na warina asali wa miombo.

Tulikwenda huko wakati wa likizo, wanafunzi saba, na igizo letu wenyewe lisilo na kitabu. Kisa kilikuwa chepesi: Baba Kulwa na Mama Kulwa wamelima tumbaku msimu mzima, tumbaku imeuzwa, mume kapokea fedha, mke anauliza habari za ada ya Doto, ugomvi unazuka. Mimi nikapewa kuwa mume.

Nikajitayarisha kama nilivyoona waume wakichezwa tangu utoto wangu. Nikatafuta koti kubwa na fimbo. Nikaingia kwa kishindo, nikapiga teke sufuria, nikauliza chakula kiko wapi kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni. Nikazihesabu noti mbele ya mke, moja moja, nikizirudisha mfukoni kwa madaha. Mke aliponiuliza habari za ada, nikainua fimbo.

Watu walicheka, jamani! Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mpige!" Nami, kwa ujinga wa mchezaji anayependa kushangiliwa, nikaishusha ile fimbo kwa mbwembwe zaidi, wakacheka zaidi. Tulipomaliza, mzee mmoja akanishika mkono akaniambia nimefanya vyema, mwanaume asipokuwa hivyo nyumba haiendi. Nikatabasamu. Usiku ule sikulala vizuri. Tulikuwa tumepanga igizo la kukosoa utawala wa mume, tukamaliza kwa kuupigia debe.

Lakini somo lenyewe nililipata katika yale mazungumzo yanayofuata baada ya igizo. Mama mmoja wa makamo, ambaye muda wote alikuwa kimya, alisema hivi: "Wanangu, mmecheza. Ila huyo baba mmemkosea. Huyo wenu anagomba kwa sababu hana nguvu. Mwenye nguvu hagombi. Na fedha hazihesabu mbele ya mtu. Anarudi na kitenge na sukari, unapiga magoti unashukuru. Zilikuwa ngapi, hujui mpaka unakufa." Akina mama waliokuwa nyuma yake hawakucheka. Waliguna tu.

Mhakiki gani hapa kwetu angeusema ukweli wa mhusika kwa maneno machache kuliko hayo?

Kichekesho na kinga yake

Hebu tujiulize kwanza kwa nini mimi, na wengi kama mimi, tunakimbilia fimbo. Sababu moja ni mapokeo. Vichekesho vyetu, vile vilivyochezwa katikati ya muziki katika kumbi za Dar es Salaam na vikundi kama Muungano na, tangu mwaka 1992, Tanzania One Theatre, vilitupatia mume wa aina moja: mwenye kelele, mwenye wivu, mwenye kitambi cha kubandika, na mara nyingi mwisho wake ni kuaibika. Sanaa hii siidharau. Ina ufundi wake na kasi yake, na mwanamke ndani yake mara nyingi ndiye mwerevu. Tatizo ni kwamba mume yule ni mkubwa kupita kiasi. Mtazamaji humtazama akajiambia, "Mimi si kama huyo." Mume anayemnyima mkewe ruhusa ya kwenda kumwona mamaye mgonjwa, akamnyima kwa sauti ya upole, anatoka ukumbini akiwa safi kabisa. Kicheko kimemkinga.

Sababu ya pili ni uhakiki wetu wenyewe. Tunawafundisha waigizaji wawachukie wahusika wao kabla hawajawafahamu. Tazama tamthiliya ya Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi, iliyotoka mwaka 1987. Mke ni Mwavita, mume ni Kinaya. Jina lenyewe limekwisha mhukumu mtu huyu, kwani kinaya ni kiburi na majivuno. Mwandishi ana haki ya kumbatiza mhusika wake apendavyo, lakini mwigizaji akiliigiza jina badala ya mtu atakuwa ametumaliza hamu kabla ya kufungua mdomo. Kinaya hajioni kuwa ni kinaya. Mume mtawala, moyoni mwake, ni mtu mwenye mzigo: analinda nyumba, analinda heshima, anawazuia watu wasimcheke. Stanislavsky aliwafundisha waigizaji wake kwamba anayemcheza mtu mbaya amtafute pale alipo mwema. Si kwa ajili ya kumtetea. Ni kwa sababu ubaya usiokuwa na sababu ndani yake haumtishi mtu.

Ufunguo, leso na kitenge

Sasa basi, kama si fimbo, mwigizaji ashike nini? Waandishi wakubwa wamekwisha tuonyesha kwamba utawala wa mume hukaa katika vitu vidogo. Katika tamthiliya ya Ibsen ya mwaka 1879, ile ya nyumba ya mwanasesere, Torvald hampigi Nora hata kofi moja. Anamwita majina ya ndege na wanyama wadogo kwa mapenzi. Anamkataza kula vitamutamu. Na ufunguo wa sanduku la barua anao yeye peke yake. Mwigizaji aliyeuelewa ufunguo ule hana haja ya kupandisha sauti mpaka karibu na mwisho. Katika Othello kitu chenyewe ni leso. Othello anapoiulizia leso, kila mara anaiuliza upya, na sisi tunaona ndoa nzima ikining'inia kwenye kitambaa.

Katika igizo letu la Usoke kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yetu nasi hatukukiona. Ni kitenge. Fikiri kazi ya tumbaku ilivyo. Kuna kitalu cha kumwagilia, kupandikiza, kupalilia, kuchuma majani, kuyafunga kwenye fito, kuchochea moto wa bani usiku na mchana mpaka majani yakauke, kisha kuyapanga kwa madaraja na kufunga marobota. Katika kazi zote hizo mkono wa mke umo. Lakini soko likifika, jina linaloitwa kwenye chama cha msingi mara nyingi ni moja tu, la mume. Basi mume anaporudi na kitenge, anarudi na sehemu ya jasho la mke iliyogeuzwa zawadi. Mke anashukuru kwa kupewa kilicho chake. Hakuna kofi linaloweza kusema hayo.

Mwigizaji anayeelewa hivyo atakitoa kile kitenge kwa mapenzi ya kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Akikitoa kwa dharau, mtazamaji atajua mara moja kwamba huyu ni mbaya, na mambo yataishia hapo. Akikitoa kwa furaha, amekichagua mwenyewe, rangi anayoipenda mkewe, akangoja aone anavyofurahi, mtazamaji atavutwa pande mbili. Atataka mke afurahi, na papo hapo atataka aulize, "Zilikuwa shilingi ngapi?" Swali hilo likishazaliwa kwenye benchi, igizo limefanya kazi yake.

Tena swali hilo lina uzito wa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Igizo linalokemea fimbo peke yake linagusa lile jambo la kwanza na kuliruka la pili, ambalo ndilo mama yule wa Usoke alikuwa analizungumzia.

Mume huigizwa na mke

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Wanaofanya kazi ya jukwaa husema kwamba mfalme haigizwi na anayevaa taji, huigizwa na wanaomwinamia. Kwa mume mtawala ni vivyo hivyo. Nguvu zake hazimo kooni mwake. Zimo mgongoni mwa mke anayenyooka ghafla akisikia baiskeli ikiegeshwa nje. Zimo kwa watoto walioacha kucheza bila kuambiwa. Zimo katika kiti ambacho hakikaliwi na mtu hata kama mwenyewe hayupo.

Unyamwezini kuna somo la pekee hapa. Hii ni nchi ya watu wa safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi, miezi mingi njiani, wengine wakifuatana na wake zao, wengine wakiwaacha nyumbani. Mwigizaji na ajiulize: aliyekuwa safari miezi yote hiyo alitawalaje nyumba yake? Kwa kelele haiwezekani, maana kelele haziendi mbali hivyo. Kama alitawala, alitawala kwa macho ya wengine, ya mama mkwe, ya shemeji, ya jirani, na kwa hofu ya mke mwenyewe juu ya siku ya kurudi. Hivyo mume mtawala anaweza kuwa jukwaani hali hayupo. Ikiwa baada ya yeye kutoka mke anaendelea kusema kwa sauti ya chini, mwigizaji amefanya kazi nzuri akiwa nyuma ya pazia. Kama anapotoka wote wanashusha pumzi na kuanza kumwigiza wakicheka, hapo tumerudi kwenye vichekesho.

Penina Muhando aliliona jambo hili kwa upana wake katika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo na haisimami. Macho yetu yanakaa kwa wanawake, kwenye kazi yao, kushindwa kwao na hata magombano yao wenyewe, na ukubwa wa kinachowakandamiza tunaupima kwa uzito wa nguzo ile. Anayeongoza tamthiliya kama hii akatumia mazoezi yote kuwanoa waume wapige kelele atakuwa ameangalia pasipo. Kinachotakiwa kufanyiwa mazoezi ni mabega ya wanawake.

Hata hivyo, magoti ya mke yasichezwe ovyo. Kwa mila za huko kupiga goti ni adabu. Mwanamke huwapigia wazee goti kwa moyo mkunjufu, na si haki sisi wasomi kuja na kila goti tukaliita utumwa. Kinachotofautisha ni muda. Goti la adabu lina kuanza na kuisha: mwangaluka, inaitikiwa, mtu anainuka. Goti la hofu linangoja ruhusa. Mke akibaki chini nukta tatu zaidi, akimtazama mume aone kama amemaliza, hadhira ya Usoke itaelewa bila kuambiwa neno. Nukta hizo tatu ni za mume kuzitoa. Anazitoa kwa kukawia kuitikia, huku akivua viatu vyake taratibu.

Hatari ya huruma

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao si dhaifu. Watasema: ukimfanya mume huyu kuwa mpole, mwenye mapenzi, mwenye hofu zake, hutamfanya apendwe? Othello ni ushahidi. Anamuua mke asiye na kosa, na bado watu hutoka ukumbini wakimlilia yeye, wakisema Iago ndiye mwenye makosa. Desdemona anakuwa ajali iliyompata mumewe. Kwa hadhira ambayo imekwisha kumshangilia mwenye fimbo, je, huruma haitakuwa kumwongezea kuni?

Jibu langu ni kwamba kazi igawanywe. Mwigizaji wa mume amcheze kwa ndani, aamini anachokiamini. Wenzake wote waonyeshe gharama yake kwa nje. Brecht, ambaye athari zake zinatajwa sana katika kazi za Ebrahim Hussein, alitaka mwigizaji aonyeshe tendo kiasi kwamba mtazamaji aone lingeweza kutendwa vingine. Basi kila hisani ya mume ifuatwe na mahali pa kuona mke amepoteza nini. Katoa kitenge, sawa, lakini Doto yuko mlangoni na daftari lake na hajajibiwa. Tukifanya hivyo huruma haitakuwa msamaha. Tutamwelewa Baba Kulwa na bado tutamdai.

Wengine watasema kijijini panatakiwa ujumbe wa wazi, na haya mambo ya nukta tatu ni ya ukumbi wa chuo. Hapo napinga kabisa. Walimu wetu Penina Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na Eberhard Chambulikazi, walipofanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo kule Malya, mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983, walianza kwa kukaa na wanakijiji na kuyatafuta matatizo pamoja nao, na baada ya maonyesho mjadala uliendelea. Njia ile inamheshimu mtazamaji kama mjuzi. Sisi tulikwenda Usoke na mume tuliyemtengeneza bwenini, ndiyo maana akasahihishwa na mama aliyekuwa amekaa mkekani.

Mara ya pili

Siku iliyofuata tulicheza tena, upande mwingine wa mji. Fimbo niliiacha. Niliingia kimya, nikavua viatu, nikakawia kuitikia salamu. Mwenzangu aliyekuwa Mama Kulwa akabaki chini akingoja. Nikatoa kitenge, nikamwekea begani mwenyewe, nikamwambia, "Nimekukumbuka." Akashukuru. Alipoanza kusema habari za Doto, nikamkata kwa upole: "Mama Kulwa, si nimekwambia hayo niachie mimi?" Nikaanza kula. Yeye akakikunja kile kitenge, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kikawa kidogo kama leso.

Hakuna aliyecheka. Nakiri kwamba kwa mchezaji kimya kile kilinitisha, nikadhani tumewachosha. Kisha sauti ya kike ikatoka nyuma: "Muulize!" Mama Kulwa akageuka, akaitazama hadhira, akanitazama mimi. Katika mpango wetu hakutakiwa kuuliza. Akauliza: "Baba Kulwa, robota zetu zimetupa shilingi ngapi?" Nami, na koti langu na mafunzo yangu yote, sikuwa na jibu. Nilikaa na tonge mkononi. Kiongozi wetu akaona igizo limekwisha, akafungua mazungumzo, na mazungumzo yakaenda mpaka giza likaingia. Wanaume nao walisema. Mmoja alisema mume akitaja kiasi chote, ndugu wa mke watamiminika kukopa. Mwingine akamjibu kwamba na ndugu zake yeye humiminika vilevile, mbona hao huwataja? Ugomvi ukawa wao. Sisi tulibaki kuwa wasikilizaji, na nadhani hapo ndipo palikuwa mahali petu.

Nimeandika haya nikiwaomba wahakiki wenzangu kwamba tutakapomtaja tena "mume katili" katika kazi zetu, tuongeze aya moja ya kusema angechezwaje: ameshika nini, anakawia wapi, na mke anafanya nini wakati yeye amenyamaza. Wenzetu wa Sanaa za Maonyesho watusahihishe tulipokosea. Mimi nimekwisha sahihishwa na wenyeji wa Usoke, na fimbo yangu niliiacha kwao. Nasikia inafungia mlango wa banda la kuku.